Nafasi ya Maiti

Subilaga alianza kwa kufa.
Hakupewa neno hata moja la kusema:
alale tu kitandani, pale Igawilo,
pamba puani, mlango wazi,
baridi ya Juni ikiingia bila hodi.

"Usipumue," akasema mwongozaji.
Hilo alilijua tangu Tukuyu,
alipojibana nyuma ya kibanda cha video,
jicho kwenye tundu la msumari,
kiingilio hana,
mvua mgongoni, na ndani watu wanacheka.

Walirudia mara tisa.
Mara ya sita nzi akatua mdomoni,
akatembea, akasimama, akanawa mikono.
Subilaga hakutikisika.
Mpiga kamera akajikuta amevua kofia.

Malipo: elfu tano, soda,
na lifti ya lori la viazi.

Mwezi wa nane kanda ikafika kwa jirani.
Mama akaitwa kutoka shambani,
vidole vina utomvu wa majani ya chai.
Njoo umwone mwanao!
Akatazama. Hakuuliza kitu.
Akafungua khanga kiunoni,
akaifunika televisheni yote, taratibu,
akianzia upande wa kichwa.

Nyuma yake Subilaga,
ndizi ya kuchoma mdomoni,
akaona haya kutafuna.