Kitaa cha Zambarau

Saa nane za usiku Famau akaniamsha:
"Nitazame. Nina mchanga machoni."
Nikammulika kwa simu, akapiga kelele.
Hamkuwa na mchanga mle.
Wekundu tu, na machozi
yakishuka bila kilio.

Mchana kutwa alikuwa dukani, Langoni,
akikausha gundi ya vioo vya simu
chini ya kitaa alichoagiza Mombasa:
kadiri ya kiganja, zambarau hafifu,
hakina joto, hakina makali.
Miwani iliyokuja nacho
alimpa Shekuwe achezee.

Jua tunalijua. Likikupiga, unafumba.
Hata tochi ya askari wa doria
unaigeuzia kisogo kabla hajasema simama.
Hiki kiliingia kwa adabu,
kama mgeni avuaye viatu mlangoni,
na jicho, kwa kuona kiza kiza,
likamfungulia mlango wote.
Hadi kitandani ndipo tukajua
alikuja na kaa la moto mfukoni.

Muuguzi katia matone:
"Siku mbili gizani. Umebahatika.
Kuna wanaozoea, na jicho halizoei."

Sasa amelala chali,
kanga yangu mbichi usoni;
jina lake limeangukia juu ya kope,
hawezi kulisoma.
Wateja wanapiga, simu zao ziko wazi matumbo.
Nawaambia: kesho kutwa.

Nami naisaka ile miwani
mvunguni, kabatini, chini ya mkeka.
Naikuta uani. Shekuwe kamvisha paka,
naye kajinyoosha juani, hana habari,
peke yake nyumba nzima
aliyefuata maagizo.