Ncha ya Mzizi

Bibi Fevronia, kitunguu chako kimefika Tartu
ndani ya soksi ya sufu, kikinuka samaki wa Ziwa Peipsi.
Nimekikalisha juu ya mdomo wa glasi,
kitako kikigusa maji tu,
na siku ya tatu kimeota ndevu nyeupe
kama za watakatifu kwenye kona yako ya sala.

Nimekata ncha, milimita mbili.
Nimeilainisha kwa asidi, nikaitia rangi nyekundu,
nikaikandamiza chini ya kioo kwa kidole gumba,
polepole, unavyopima unga wa mkate.

Halafu hadubini.
Seli zimejipanga kama matuta yako,
nyingi zimetulia, kila moja na kiini chake,
tone la wino.
Usidhani zimelala. Humo ndani
kila uzi ulikuwa ukinakiliwa, herufi kwa herufi,
hadi ukapata pacha aliyefungwa nao kiunoni.

Hapo nikakumbuka shamba.
Babu alipofariki, Baba na ami Kondrati
walilikata kwa kamba na vigingi.
Nusu yako, nusu yangu.
Nusu haikumtosha mtu. Wakanuniana miaka kumi na mmoja,
nawe katikati, ukisuka vitunguu vya wote wawili.

Seli huzidisha kwanza, ndipo igawanye.
Kitabu kinaiita mitosisi.

Zote hizi nimeziua, ujue.
Kila moja imesimama pale asidi ilipoikuta,
nami naunganisha mwendo kutoka kwa maiti.
Hii, utando wa kiini umeyeyuka,
nyuzi zimejikunja, zimenenepa, zimekuwa vijiti
kumi na sita, kila kijiti ni mapacha.
Hii, vimejipanga katikati
kama watu wanaosubiri majina yaitwe.
Na hii, Bibi, laiti ungeiona hii:
mapacha wameachana,
kumi na sita huku, kumi na sita kule,
viuno mbele, miguu ikiburuzwa nyuma.
Hakuna aliyepewa nusu.
Kila upande umepata shamba zima.

Kisha ukuta. Kitunguu huanza kuujenga katikati,
vifuko vidogo vikibeba udongo,
vikiungana, vikitanuka kwenda kando
hadi viguse kuta za zamani.
Ami Kondrati alianzia pembeni, kwa seng'enge.

Sisi hatuna kuta hizo.
Kidole chako nilichokifunga Jumapili, kisu kilipoteleza,
seli zake hukaza kiuno,
hukaza, hukaza,
kama unavyokaza uzi wa gunia,
ila uzi huu hupita tumboni
mpaka gunia moja liwe mawili.
Wewe unanung'unika kwamba mzee hapoi;
chini ya kitambaa kazi inaendelea,
arobaini na sita huku, arobaini na sita kule,
bila kukuuliza umri.

Mwalimu Aavik ametaka hesabu:
katika seli mia, ngapi zilikuwa zikigawanyika?
Nimepata tisa. Nikarudia, nikapata kumi na moja.
Nimeandika zote mbili.

Kitunguu bado kiko dirishani.
Mwezi wa tano nitakurudishia.
Usikipande kwa Baba, wala kwa ami.
Tukifukie chini ya seng'enge penyewe,
tuone majani yatainamia wapi.