Kumi na Mbili u Nusu, Toa Nane

Ngamiani, Barabara ya Kumi na Tatu. Umeme umerudi.
Kompyuta yangu nimeitua juu ya gunia la ngano,
na Bi Mgeni Sechonge, mwoka mikate,
ananitazama kama fundi bomba
aliyekwisha lipwa.

Ombi lake dogo: mteja aandike kwenye ukurasa
saa anayoutaka mkate,
nao ukurasa umwambie yeye
saa ya kukanda.
Kuumuka na kuiva, saa nane.
Kutoa tu, mwanangu.

Nikaandika. Kutoa tu.
Oda ya kwanza ikaja, mgahawa wa Chumbageni:
Ijumaa, sita na nusu ya mashine.
Nikaivunja saa kuwa dakika, mia tatu na tisini,
nikatoa mia nne na themanini.
Kioo kikajibu:
hasi mbili, nukta mbili, hasi thelathini.

"Hiyo ndiyo saa ngapi?"

Nikamwambia ni saa iliyoanguka
nyuma ya usiku wa manane,
kwenye ufa wa siku na siku,
ngoja niiokote.
Nikaongeza dakika elfu moja mia nne na arobaini,
nikagawa, nikashika baki,
nikairudisha tarehe nyuma kwa moja.
Jasho. Harufu ya hamira.
Hatimaye: Alhamisi, saa nne u nusu usiku.

Bi Mgeni akacheka hadi unga ukamdondoka nyusini.
"Alhamisi gani? Alhamisi ilizama na jua lake.
Jua likishazama, huo ni usiku wa Ijumaa."
Akafunua kiganja.
"Mkate wautaka kumi na mbili u nusu. Toa nane."
Vikabaki vidole vinne, na cha tano kakikunja nusu.
"Umezunguka dunia nzima
kuja kugonga mlango uliokwisha ingia?"

Nikahesabu tena, kimoyomoyo, kwa saa yake.
Hakuna hasi. Hakuna cha kuokota.
Usiku umetangulia, asubuhi iko tumboni mwake,
na mtu anatoa nane
bila kutoka nje ya siku.

Sikubishana. Wala sikufuta:
seva iko mbali, haijui magharibi ya Tanga,
ndani kule nimeiachia Alhamisi yake.
Ila juu ya kioo, kwa herufi kubwa
kwa sababu ya macho yake, nimeandika:

Usiku wa Ijumaa, saa nne u nusu.
Kanda.