Upande wa Pili wa Jalada

Baba alizinunua kwa Inasi, karani wa Kigoa,
wiki ile mkataba wake ulipokwisha kule Mina al-Fahal:
sahani kumi na tisa ndani ya boksi la maziwa ya unga,
riyali sita, na santuri yenyewe nyongeza,
maana Inasi alikuwa na mizigo mingi na siku mbili.

Tulikaa Ruwi, juu ya duka la fundi Kuttan,
chumba na nusu, kiyoyozi kikidondoka kwenye ndoo.
Hatukujua bado. Sahani mbili tuliziegemeza dirishani
mwezi wa sita, zikajikunja
kama chila iliyosahauliwa kikaangoni.
Baba akazipiga hivyo hivyo. Sindano ikapanda, ikashuka.
"Sikiliza," akasema, "huyu anapiga akiwa safarini."

Baba alisoma Kurani, na barua za Kiswahili
zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu.
Kiingereza kilimpita ng'ambo ya barabara, kama jamaa mwenye deni.
Basi maisha ya watu wale aliyatoa kwenye picha.

Mnene wa tarumbeta, jasho puani:
"Alikuwa mchukuzi bandarini. Mapafu hayo yamekula vumbi la magunia."
Mwembamba wa piano, macho chini:
"Huyu amefiwa. Tazama anavyogusa,
kama anayefunika mtoto aliyelala."
Wa ngoma, kidole kimoja kimefungwa kitambaa:
"Mkorofi. Wake watatu wamemkimbia.
Aliyebaki ni ile sahani ya shaba, na yeye hamalizi kulalamika."

Na yule wa jalada la buluu,
saksafoni kifuani kama mtoto wa arubaini,
baba hakumsema upesi. Alikwenda kunawa mikono kwanza.
"Huyu alitoka kwao usiku. Hakufunga mlango.
Kila akipiga anarudi kuufunga,
anafika karibu, karibu kabisa,
sahani inakwisha."

Mama, kutoka kwenye vitunguu vyake:
"Nasor, huyo Mmarekani."
"Kwani Mmarekani hana mlango?"

Kwanza jazi ilimuudhi. Baba alikuwa mtunzi,
wa harusi na tanzia, nane kwa nane,
kina cha kati, kina cha mwisho, hadaiwi na mtu.
"Hawa wanaanza ubeti, wanauacha njiani,
wanakwenda kununua sigara!"
Hata usiku mmoja akanyanyua kidole, wali umepoa mbele yake:
"Kumbe kituo wanacho. Wanakizunguka tu,
kama mtu anayezunguka nyumba ya mkwe aliyemkosea."

Nilipopata Kiingereza cha kutosha nikaligeuza lile la buluu.
Nyuma, herufi ndogo kama utitiri.
Mtu yule alizaliwa na kuzeeka mtaa mmoja,
nyumba moja, na dada yake.
Alichukia safari. Alifuga njiwa.
Sahani ile aliirekodi mchana mmoja,
baina ya chakula na kinyozi.
Mlango wake, inaonekana, ulifungwa vizuri sana.

Nikalirudisha boksini.
Nikaolewa, nikazaa, sikusema.

Mwaka mtoto wa jicho alipomzidi baba
alilipapasa boksi, akalitoa bila kukosea,
sijui kwa harufu, sijui kwa kona iliyong'atwa na panya.
"Wewe umesoma. Wameandika nini juu yake?"

Chini, cherehani ya Kuttan ilinyamaza.
Ndoo ilipokea tone. Tone jingine.
Nikaligeuza jalada. Nikasafisha koo.
"Wameandika, alitoka kwao usiku.
Hakufunga mlango."

Akatikisa kichwa, taratibu, kama anayehesabu mizani.
Uongo mtupu haukukaa vizuri kinywani mwangu,
nikaupa tonge la kweli:
"Na wanasema alifuga njiwa."

"Njiwa!"
Akageuza uso wake kwenye dirisha asiloliona.
"Basi ndiyo maana hakuufunga."