Kiwanda cha Watu

Jana usiku Langoni, umeme ulipokubali kurudi,
nilimaliza kuandika kiwanda.
Hakina moshi wala king'ora.
Kinasoma majedwali ya zahanati, safu kwa safu:
hapa jina, hapa tarehe, hapa namba tu,
hapa pasiachwe wazi;
kisha kinafyatua wagonjwa wa uongo
kama mtu anavyofyatua matofali.

Kwa nini wa uongo? Wa kweli wana siri.
Kikohozi cha jirani si cha kufanyia majaribio.

Nikabonyeza. Mia mbili, kwa muda wa kupiga chafya.
Famau Lali, miaka mia na nne, mjamzito.
(Nikarudi kurekebisha: jinsia iulizwe kabla ya mimba.)
Zena Shekuwe, amezaliwa kesho.
Mtoto mmoja akamtangulia mamake kwa miaka tisa,
kwa kuwa sikukiambia kiwanda
kwamba ufunguo wa kigeni si namba tu,
ni kitovu.

Mama akaleta chai ya tangawizi, akasimama mlangoni:
"Yeo umezaa wangapi?"
"Mia mbili."
"Na wote wana vitambulisho?"

Wote, mama. Tarakimu nane nane, hakuna inayojirudia.

Ndipo nikamkumbuka Mwanashee wa Kizingitini,
aliyekwenda kwa afisa mara saba
na cheti chake, na cheti cha babake,
akaulizwa cha babu.
Babu alizaliwa mwaka wa nzige; angeandikwa na nani?
Safu moja ikabaki tupu,
na jedwali lile halikubali utupu.
Mwaka wa sita huu. Hata laini ya simu
ameandikishiwa kwa jina la mumewe.

Kiwanda changu kingemjazia babu huyo bila kupepesa:
jina, kijiji, hata kundi la damu.

Jaribio likapita. Kijani, kijani, kijani kitupu.
Desturi ya kazi yetu: ukimaliza, wafute.
Mia mbili wakaondoka bila matanga.

Yaani, mia moja na tisini na tisa.
Mmoja nimembakisha, sijui kwa nini,
katika faili isiyo na kazi:
mwanamume, Kizingitini, tarehe mosi Januari,
siku wanayopewa wasioijua yao.
Jina nimempa la babu yake Mwanashee.
Namba yake inaanza na sifuri.
Hakuna dirisha litakaloipokea.