Pua ya Mbwa

Gesi imeisha tangu Jumanne, na lori la mitungi
halifiki mtaa wetu wa Ticul kabla ya Ijumaa.
Basi leo moto haupo. Kuna kisu, kuna chumvi,
kuna madanzi tisa yaliyoangukia upande wangu wa ukuta.

Mdanzi ni wa Fulgencia, dada yangu.
Shina liko kwake, kivuli kiko kwangu,
na mwaka wa nne huu hatujuliani hali
kwa sababu ya ukuta huo: shubiri mbili, alisema aliyepima,
shubiri mbili tu umeingia kwake.
Ningeyarudisha. Lakini danzi likishaanguka halina hati.

Mikono yangu imeshona makubazi tangu alfajiri,
inanuka gundi; naisugua kwanza kwa ganda.
Kisha kitunguu chekundu, vipande vidogo
kama kucha za mtoto mchanga.
Nakitia chumvi, nakifinya mpaka kilegee.

Nakamua. Danzi si chungwa, msikosee:
chungwa hukubembeleza, danzi hukujibu.
Mbegu zinateleza, naziopoa moja moja.
Moja ikinipita, na inipite;
atakayeitafuna atajua tuna mti.
Tuna. Haya, ulimi umeteleza.

Kotmiri naikata pamoja na mashina yake.
Mama alikuwa akiyatupa mashina,
Fulgencia akiyaokota, akiyatafuna kama mbuzi,
kidevu chote kijani,
nami nikicheka hadi nafukuzwa jikoni.

Habanero moja, ya manjano,
imekunjamana kama taa ya karatasi iliyokaliwa.
Ya pili nairudisha kapuni.
Naichukua tena.
Sivai glavu. Glavu ni za watalii na daktari wa meno.

Halafu kungoja. Hakuna moto wa kupunguza wala kuongeza,
bakuli tu chini ya kitambaa, nusu saa,
na kitunguu kinaacha zambarau, kinashika waridi,
kinaiva bila jiko. Uchachu umekitosha.

Kwa Kimaya mchuzi huu ni xni'pek', pua ya mbwa:
ukiula sawasawa, pua haikauki.

Naonja kwa kipande cha totilla ya jana.
Chumvi bado. Naongeza. Naonja.
Hapo ndipo unaponishika, masikio, utosi,
machozi, kamasi, nakohoa
hadi nyumba ya tatu wasikie.

"Ermila?"
Ng'ambo ya ukuta. Jina langu bado analitamka vilevile,
akiimeza ile a ya mwisho.
"Unalia?"
"Pilipili."
Kimya. Kuku wake anapekua majani.
"Ngapi?"
"Mbili."
"Mbili!" Namsikia akicheka kwa puani.
"Mama alikuwa akitia tatu."

Si kweli. Mama alitia moja, na hiyo moja aliitoa mbegu.
Nalimeza jibu pamoja na moto wake.
Nafuta pua kwa kiwiko, maana vidole haviaminiki,
nachukua bakuli, nalitua juu ya ukuta,
penye zile shubiri mbili.

Narudi ndani. Sichungulii.
Nasikia udongo ukikwaruza saruji, taratibu,
halafu muda mrefu wa kuku na majani,
halafu mtu anapiga chafya.