Zamu

Mama anabangua. Ukungu wa Newala umekaa mlangoni
kama mdai asiye na haraka.
Vidole vyake vyeusi kwa mafuta ya maganda.
Kila korosho ikipasuka hutoa nusu mbili:
moja ungoni, nyingine, mara nyingi, chini ya kitanda.

"Na wewe huko unabangua nini?"

Molekuli, mama. Ndani ya chungu cha chuma
kisicho na hata pumzi ya hewa
tunazipiga kwa leza, pigo fupi
ambalo kupepesa jicho, kando yake, ni uzee mzima.
Elektroni zinachomoka. Vipande vinakimbiana.
Kigunduzi, kama karani wa ghala, kinaandika waliofika.
Kuvunjika kwenyewe hatukuoni.
Wala hazivunjiki moja moja: ni mia kwa mpigo,
nusu za huyu zimechangamana na nusu za yule.

"Sasa utajuaje ipi ilikuwa ya ipi?"

Hapo ndipo ilipoishia miaka yangu minne.
Piga mara elfu hamsini. Kila pigo uandike
hizi ngapi, zile ngapi.
Hizi zikizidi wastani wao, je, na zile zimezidi?
Hizi zikipwaya, na zile?
Zidisha, tafuta wastani, kisha ondoa
kile ambacho bahati peke yake ingekugawia.
Kinachobaki ni udugu.
Tunauchora kama ramani: tambarare, kisiwa,
na mstari wa mshazari
pale wawili walipokimbia kinyume kwa nguvu ileile.

Ila leza nayo ina siku zake.
Ikipata nguvu, kila kitu kinaongezeka,
hata wasiojuana wanaonekana wa tumbo moja.

Mama akacheka. "Kama msimu wa mnada."

Naam. Chama kikishalipa, mji mzima unapendana.
Upendo ule lazima utolewe kwanza.

Usiku nilishusha daftari lake msumarini.
Miaka sita ya vijistari: M ni Mchopa, yuko Pemba, ng'ambo ya Ruvuma;
S ni Somoe, yuko Tunduma, anauza mabati.
Pacha wangu hao, wakubwa zangu,
waliondoka siku moja, kwa barabara mbili,
baada ya kugawana mikorosho kumi na saba ya baba
ambayo haigawiki kwa mbili.
"Hawasalimiani," mama husema, na husema kwa sauti ya kufunga mlango.
Kila simu yao anaichora mstari. Sijui kwa nini. Hakuniambia.

Nikaingiza wiki mia tatu na kumi na mbili.
Namba ya kwanza ilitoka chanya, nono:
wakati wa mnada wote wawili hupiga, mara nne, mara tano,
kuuliza bei, kuulizia fungu lao.
Nikautoa mnada.

Hasi.

Nilidhani nimekosea kidole. Nikarudia kwa kibatari,
maana umeme ulishakwenda zake.
Hasi tena, na kubwa.
Nje ya msimu, wiki zaidi ya mia mbili,
tisa tu ndizo zenye simu za wote wawili,
nne tu zilizopita bila ya mmoja wao.
Bahati haina adabu ya namna hiyo.

Asubuhi nilimwambia. Nyundo ilisimama hewani.
"Hasi ni ugomvi?"

Maabara ningejibu: njia moja ikitumika, nyingine hukaa.
Lakini ayoni hazina simu,
haziwezi kuulizana usiku, huyu na yule,
*wiki hii unampigia wewe au mimi?*

"Hasi, mama, ni watu waliopeana zamu."

Alibangua tatu. Ya nne ilimponyoka, ikaenda chini ya kitanda,
hakuifuata. Aliipangusa simu kwa kanga,
akaisogeza karibu na ungo.

"Basi leo ya nani?"